Takataka au Tandiko? Uhakiki wa Istilahi za Majani Yaliyopukutika

Utangulizi

Miongoni mwa miswada iliyofikishwa mezani petu ili istilahi zake zikaguliwe kabla ya kupigwa chapa, umo mmoja wa elimu ya misitu uliofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari na wa vyuo vya kilimo. Sura yake moja inaeleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kudhaniwa kuwa ni dogo: hali ya majani yanayoanguka chini ya miti mbalimbali katika misitu ya Ulaya ya kaskazini kabla ya baridi kuingia, na jinsi majani hayo yanavyogeuka kuwa udongo. Tumeisoma sura hiyo mara tatu. Mara ya kwanza tuliipitisha. Mara ya pili tuliingiwa na shaka. Mara ya tatu tuliona kwamba haifai kuchapishwa ilivyo, na kwamba sehemu ya lawama ni yetu wenyewe.

Hatukusudii kumvunja moyo mfasiri, ambaye Kiswahili chake ni fasaha na sarufi yake haina dosari. Jina lake na la kitabu hatutayataja, kwa kuwa makosa tutakayoyaeleza si yake peke yake. Ni makosa ya kila afasiriye neno kwa neno pasipo kukitazama kitu chenyewe, na baadhi yake yalitoka katika orodha ya muda ya istilahi iliyotayarishwa na dawati letu. Kwa hiyo uhakiki huu ni wa kazi ya mwenzetu, na ni wa kazi yetu pia.

Mambo tutakayoyazungumzia ni manne: jina la majira ambamo majani huanguka, jina la majani hayo yakiisha kulala chini, tofauti zake chini ya mti mmoja na mwingine, na majina ya hali anuwai za kuoza kwake. Mwisho tutatoa mapendekezo, tukiomba wasomaji wayapime.

Majira

Sura inaanza kwa kusema kwamba wakati wa vuli miti ya Ulaya hupoteza majani yake. Katika sentensi hiyo fupi yamo maneno mawili yanayohitaji kuhojiwa: "vuli" na "hupoteza".

Vuli, kama ajuavyo kila mkulima wa pwani na wa mikoa ya kaskazini, ni mvua fupi za kati ya Oktoba na Desemba, pamoja na majira yenyewe ya mvua hizo. Ni wakati wa mbegu kutiwa ardhini na wa nyasi kuchipua. Mwanafunzi wa Tanga akiambiwa kwamba majani hupukutika wakati wa vuli, ameambiwa kinyume cha ayaonayo. Hata hivyo vuli imekwisha kuzoeleka vitabuni kuwa jina la majira hayo ya Ulaya, na inafaa kuuliza imefikaje huko.

Jibu letu ni kwamba waliotutangulia walikuta majira manne ya Ulaya upande mmoja, na upande wa pili wakakuta majina manne: masika, kiangazi, vuli na kipupwe. Wakayaoanisha kama mtu alinganishaye vidole vya mikono miwili. Lakini tukichunguza twaona kwamba hawakutumia kipimo kimoja. Masika yalipewa majira ya Ulaya ya kuchipua, na vuli ikapewa yale ya majani kuanguka, kwa sababu miezi yake inakaribiana. Kipupwe nacho kilipewa majira ya baridi kali ya huko kwa sababu ya ubaridi wake, ingawa miezi yake haikaribiani hata kidogo: kipupwe chetu huangukia Juni hadi Agosti, wakati ambapo Ulaya iko katika joto. Hivyo mara moja imefuatwa kalenda, na mara nyingine imefuatwa hali ya hewa. Istilahi zilizojengwa kwa vipimo viwili haziwezi kufundishika, maana mwanafunzi hana njia ya kujua ni kipimo kipi kimetumika wapi. Wapo waliojaribu kuikwepa vuli kwa kuchukua neno demani. Nalo ni neno la wanamaji, nalo lahusu tabia ya upepo katika miezi ya mwisho ya kusi. Halina habari na majani.

Madhara ya kosa hili si ya nadharia tu. Katika misitu ya miombo, miti hupukutisha majani yake kiangazi, na mengi ya majani mapya huchomoza mnamo Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, yakiwa na rangi nyekundu au ya shaba. Katika miezi hiyohiyo misitu ya Ulaya nayo huwa myekundu na ya manjano, lakini kwa sababu iliyo kinyume: mchana umefupika, klorofili inavunjwavunjwa ndani ya jani, rangi ya manjano iliyokuwa imefichwa inajitokeza, na katika baadhi ya miti rangi nyekundu hutengenezwa upya siku chache kabla ya jani kuanguka. Mwanafunzi wa Tabora anayetazama kilima chekundu mwezi Oktoba anatazama utoto wa majani. Kitabu kikimwambia kwamba hiyo ndiyo vuli, na kwamba wekundu ni dalili ya jani kufa, kitakuwa kimempinga na macho yake. Na sisi tuliowahi kufundisha twajua kwamba mwanafunzi akipingwa na kitabu, mara nyingi hukiamini kitabu.

Twapendekeza basi majira haya yaitwe majira ya mpukutiko. Kitenzi "pukutika" ni cha kale na hakihitaji kuelezwa: ni kuanguka kwa wingi, moja baada ya jingine, pasipo mkono wa mtu, kama yafanyavyo majani na maua. Tena kinaafikiana na elimu ya mimea. Jani la miti hiyo halinyofolewi na upepo peke yake. Penye shina la kikonyo chake hujengeka tabaka la chembe dhaifu, na chini yake kovu hufungwa kabla jani halijaachia. Kabla ya hapo mti huwa umekwisha kurudisha ndani ya matawi yake sehemu kubwa ya virutubisho. Nitrojeni peke yake hurudishwa karibu nusu. Mti unaofanya hivyo haukupoteza kitu. Kusema "hupoteza" ni kumfuata Mwingereza katika mazoea ya lugha yake. Sisi tunacho kitenzi cha kutendesha kinachosema kweli zaidi: mti hupukutisha majani yake.

Takataka

Baada ya majani kufika chini, mswada unayaita "takataka za majani". Hapa ndipo ilipo sehemu yetu ya lawama, kwa sababu maneno hayo mfasiri aliyachukua katika orodha yetu.

Tuliyapataje? Kwa kufungua kamusi na kutazama neno la Kiingereza "litter", ambalo maana yake ya kwanza akilini mwa mtu wa leo ni uchafu uliotupwa ovyo. Hatukujiuliza neno hilo lilianzia wapi. Laiti tungalijiuliza, tungaliona kwamba lilipokewa kutoka Kifaransa cha kale, na kwamba asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kitanda. Kwanza lilikuwa kitanda, kisha likawa majani makavu ya kutandikia mifugo zizini, na maana ya uchafu ilikuja baadaye sana. Wataalamu wa misitu walipolitumia hawakuwa na nia ya kuyatukana majani. Walikuwa wakiyafananisha na matandiko.

Wajerumani nao walikuwa na neno lao, "Streu", lenye maana hiyohiyo ya majani ya kutandikia mifugo, na kwao haikuwa fumbo. Kwa miaka mingi wakulima walikuwa wakiingia msituni na reki, wakiyakusanya majani yaliyopukutika na kuyapeleka mazizini. Misitu ikadhoofika, kwa kuwa kilichokuwa kikichukuliwa kila mwaka ndicho chakula cha udongo wake. Mwaka 1876 Ernst Ebermayer, mtaalamu wa kemia ya misitu wa Bavaria, alichapisha kitabu kizima juu ya tandiko la msitu, akipima madini yaliyomo ndani ya majani ya miti mbalimbali na kuonyesha hasara inayopatikana yakiondolewa.

Sasa tuyarejeshe haya nyumbani. Katika shule nyingi na katika viwanja vya ofisi nyingi, majani yaliyoanguka hufagiliwa asubuhi na kuchomwa moto. Mwalimu wa kilimo akiingia darasani saa nne kufundisha rutuba ya udongo, moshi wa rutuba hiyo bado uko dirishani. Hatusemi kwamba uwanja wa shule usifagiliwe. Tunasema kwamba kitabu kinachoyaita majani "takataka" katika aya ya kwanza, na katika aya ya nne kikadai kuwa ndiyo asili ya udongo mzuri, kimejipinga chenyewe, na msomaji atashika lile neno alilolizoea. Takataka katika Kiswahili zina hukumu moja: zitupwe au zichomwe. Neno likiisha kutoa hukumu, maelezo yajayo nyuma yake huja yamechelewa.

Wapo watakaosema kwamba "majani makavu" yatosha. Hayatoshi. Ardhi ya msitu wa Denmark au Uingereza mwezi Novemba huwa imelowa mvua na ukungu, na majani yaliyolala juu yake yamelowa vilevile. Tena unyevu huo ndio unaoyaozesha. Isitoshe, baadhi ya miti hupukutisha majani yakiwa bado ya kijani. Kwa kuwa mfasiri wetu alishikilia "majani makavu" kila mahali, alipofika kwenye miti hiyo alilazimika kuandika "majani makavu ya kijani", maneno ambayo hakuna mtu aliyepata kuyasema kwa kinywa chake.

Twapendekeza "tandiko la majani". Tandiko ni kitu kilichotandazwa juu ya kingine ili kukihifadhi, na hivyo ndivyo majani hayo yafanyavyo: huukinga udongo na matone ya mvua, huzuia unyevu usipotee, na huwahifadhi wadudu wakati wa baridi. Neno ni letu, laeleweka na mtoto, na kwa bahati njema linalingana na maana ya asili ya maneno ya Kiingereza na ya Kijerumani.

Hapohapo tugusie "sakafu ya msitu", maneno yanayozidi kuenea. Sakafu ni chini ya nyumba palipopigwa chokaa au saruji ili udongo usitokeze. Ardhi ya msitu ni kinyume cha hayo: ni mahali ambapo kilicho juu na kilicho chini huchanganyika daima. Kwa maana hiyo tungependelea "ardhi ya msituni", au "chini ya miti" pale inapotosha.

Mti na tandiko lake

Kosa zito kuliko yote, kwa maoni yetu, ni kwamba tofauti baina ya mti na mti zimefutika katika tafsiri, ilhali ndizo zilizokuwa shabaha ya sura nzima. Kabla ya kuonyesha hayo yatubidi tutatue tatizo la majina ya miti.

Mfasiri ameyashughulikia majina hayo kwa njia tatu zisizopatana. Mengine ameyaacha kwa Kiingereza, mengine ameyafafanua kwa maneno mengi, na jingine amelifasiri: mti ambao Waingereza huuita "ash" ameuita "mti wa majivu", kwa kuwa maneno hayo mawili hulandana katika Kiingereza. Mti huo hauna uhusiano wowote na majivu.

Ipo njia iliyokwisha kupigwa na wafasiri wa Biblia, nayo imedumu. Walipokutana na mti wa "alon" katika Kiebrania, waliupa kiambishi chetu cha miti nao ukawa mwaloni, mialoni. Na hali kadhalika wakatupatia mlubna. Leo mtu husema mwaloni bila kujua kwamba ni mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miti isiyokuwa na jina kwetu tunashauri njia hiyohiyo, ila kwa kutumia majina ya kitaalamu ya Kilatini, ambayo ni mamoja kwa mataifa yote. Kwa hiyo Fagus utakuwa mfagusi, Fraxinus mfraksini, na Larix mlariksi. Msonobari na mwaloni tunayo tayari.

Sasa na tutembee chini ya miti hiyo. Jani la mfraksini limeundwa na vijani vingi juu ya kikonyo kimoja. Mara nyingi huanguka likiwa la kijani, vijani vikaachana, na kabla mwaka haujatimia vikawa vimekwisha kuliwa na kuoza, pasibaki ila vikonyo. Ni jani laini, lenye chokaa nyingi, na nyungunyungu hulipenda. Jani la mwaloni ni gumu kama ngozi. Limejaa tanini, dutu ileile iliyomo katika magome ya mikoko yaliyokuwa yakitumika kutengenezea ngozi. Hujikunja likikauka, hivyo tandiko lake huwa na nafasi za hewa, na huchukua zaidi ya mwaka kutoweka. Jani la mfagusi ni jembamba lakini shupavu, lina lignini nyingi, na hulala bapa moja juu ya jingine kama kurasa za kitabu kilicholowa. Tandiko lake lina rangi ya shaba, huweza kudumu miaka miwili, mitatu au zaidi, na likiungana na kivuli kizito cha mti wenyewe huacha mimea michache tu kuota. Tena mifagusi michanga, kama ilivyo mialoni mingi, hukaa na majani yake yaliyokufa matawini mpaka machipuko yajayo. Yamekauka, lakini hayajapukutika. Kiswahili kinatenganisha vizuri sana hali hizi: kusinyaa, kunyauka, kukauka, kupukutika. Mswada umetumia "kuanguka" peke yake.

Msonobari hauna majira ya mpukutiko. Kila jani lake, lililo jembamba kama sindano, huishi miaka kadhaa, na majani huanguka machache machache mwaka mzima, mengi zaidi yakiwa yale ya umri mkubwa. Yana utomvu na uchachu, nayo huoza polepole mno. Msomaji wa pwani aliyewahi kukaa chini ya mvinje, akahisi mkeka ule mnene unaobonyea chini ya mguu, anaweza kulikisia tandiko la msonobari bila kuvuka bahari. Lakini mswada unapoendelea kusema kwamba miti yote ya jamii ya msonobari haipukutishi, umekosea kwa jumla: mlariksi ni wa jamii hiyo, na kila mwaka majani yake hugeuka rangi ya dhahabu na kupukutika yote.

Katika tafsiri, mambo haya yote yamekuwa sentensi moja iliyorudiwa mara tano kwa kubadili jina la mti: majani makavu huanguka na kuoza polepole. Mfasiri aweza kujitetea kwamba hakuacha aya hata moja. Ni kweli, hakuacha aya. Aliacha somo.

Mfano wa Müller

Wasomaji wanaodhani kwamba sayansi haiwezi kuandikwa ila kwa maneno mapya yasiyoeleweka na raia, twawaomba waitazame historia ya istilahi mbili zilizomo katika sura hiyohiyo, "mull" na "mor". Mfasiri ameziacha kama zilivyo, akidhani ni za Kilatini au za Kiingereza. Si za Kilatini wala za Kiingereza. Ni za Kidenmark.

Mwaka 1878, na tena mwaka 1884, Peter Erasmus Müller, mtaalamu wa misitu wa Denmark, alichapisha uchunguzi wake juu ya udongo wa misitu ya nchi yake, hususan ya mifagusi. Aliona kwamba ardhi chini ya mifagusi ina sura mbili. Mahali pengine majani hutoweka haraka, na mboji yake imechanganyika na udongo kwa kazi ya nyungunyungu wanaochimba na kugeuza. Udongo huo ni tifutifu. Mahali pengine majani yameshikamana yakawa utando mnene juu ya udongo, umefumwa kwa mizizi na nyuzi za kuvu, na chini yake udongo umejitenga. Ya kwanza akaiita "muld", ya pili "mor". Hakuyabuni maneno hayo. Yalikuwamo katika lugha ya nchi yake. "Muld" ni neno la kila siku la udongo. Alichofanya ni kuyapa mipaka, na kwa kuwa mipaka hiyo ilitokana na kukitazama kitu chenyewe, dunia nzima imeyakubali.

Miaka mitatu baada ya chapisho la kwanza la Müller, yaani mwaka 1881, Charles Darwin alitoa kitabu chake juu ya nyungunyungu. Alichungulia hata namna wanavyoyavuta majani mashimoni mwao: mengi huyavuta kwa ncha iliyo nyembamba, lakini majani ya msonobari, yaliyoungana mawili mawili, huyavuta kwa kitako, kwani yakivutwa kwa ncha moja, nyingine hukwama mlangoni. Mdudu asiye na macho ameona tofauti baina ya jani na jani. Mfasiri na afisa wa istilahi hawana udhuru.

Jambo moja katika kazi ya Müller lapaswa kusisitizwa. Hali zote mbili alizikuta chini ya mti wa aina moja. Kwa hiyo hatuwezi kusema "mboji ya mfagusi" tukadhani tumetaja hali ya ardhi. Mti una nguvu yake, na udongo una nguvu yake, na viumbe wa ndani wana yao. Istilahi haina budi kutaja hali, si mti. Kwa kufuata nyayo zake tunapendekeza maneno ya kawaida: "mboji udongo" kwa ile iliyochanganyika, na "mboji mkeka" kwa ile iliyojitandaza juu.

Mfano wa pili unaonya. Mwaka 1926 Henrik Hesselman wa Sweden aliligawa tabaka la juu la ardhi ya msituni, akalipa sehemu moja herufi F na nyingine herufi H, kutokana na maneno ya Kiswidi. Neno lililobebwa na F lina maana ya kuoza na kulika. Waandishi wa Kiingereza waliibakiza herufi, wakatafuta neno lao lianzalo na F, wakapata lenye maana ya kuchacha. Mfasiri wetu, akimfuata Mwingereza kwa uaminifu, ameandika "tabaka la kuchacha". Kuchacha ni kwa togwa, maziwa na mchuzi uliolala. Majani ya msituni hayachachi, yanaoza. Tafsiri iliyofanywa juu ya tafsiri huhamisha na kosa lake. Pale inapowezekana, tuufuate mto hadi chemchemini.

Hitimisho

Tunapendekeza basi yafuatayo: majira ya mpukutiko badala ya vuli, neno vuli libaki kwa mvua zake; kupukutisha badala ya kupoteza; tandiko la majani badala ya takataka za majani; na kwa matabaka yanayofuatana kutoka juu kwenda chini, tandiko, kisha tabaka la uozaji, kisha tabaka la mboji. Mboji yenyewe igawanywe kuwa mboji udongo na mboji mkeka. Miti ya kigeni ipewe kiambishi m- juu ya jina lake la kitaalamu, isipokuwa ile iliyokwisha kupata jina.

Kuhusu "takataka za majani", hatupendekezi tu. Tunaifuta katika orodha yetu, na tunawaomba walioitumia kwa kututegemea watuwie radhi. Tulikaa ofisini, dirisha likiwa wazi, tukalitafuta neno kamusini, na nje ya dirisha hilo mfagizi alikuwa akiyakusanya majani ya mwembe na kuyarundika shinani mwa mgomba. Laiti tungalimwuliza anafanya nini, huenda angalitupatia istilahi kabla ya saa ya chai.

Walimu walio karibu na mashamba ya misonobari na misaji, na watumishi wa misitu wanaokanyaga ardhi hiyo kila siku, bila shaka wana maneno ambayo hayajatufikia: jina la majani yaliyoanza kuoza, jina la utando wa kuvu, jina la udongo mweusi ulio chini yake. Twaomba watuandikie, wakitaja neno, mahali linaposemwa, na kitu chenyewe linachokitaja. Mswada tumemrudishia mfasiri pamoja na maelezo haya. Hautapigwa chapa mpaka kila mti uwe umepata tandiko lake.